Kwa nini msichana mwenye wivu anachorewa mkate unaochomwa?

MsomajiWaUsiku: Salaam, wanajukwaa. Nasoma manga za mapenzi, yaani hadithi za michoro za Kijapani, kwa tafsiri ya Kiingereza, na kuna mambo matatu yanayonitatiza. Msichana akimwona mvulana ampendaye akizungumza na mwingine, mchoraji humwekea pembeni mkate wa mchele unaovimba juu ya makaa, na rafiki zake hucheka. Katika hadithi nyingine, mvulana anamwambia mwenzake, “Nipikie supu ya miso kila asubuhi,” naye anaangua kilio. Nilidhani amechukizwa kufanywa mpishi, kumbe ukurasa unaofuata wanapanga harusi. Mwisho, wawili wamesimama nje usiku, mvulana anasema mwezi unapendeza, msichana anajibu kwamba mawingu yanakuja, na tangu hapo hawasemezani kwa sura mbili nzima. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie.

Mkalimani_Mstaafu: Ndugu yangu, hilo la kwanza ni mchezo wa maneno. Kitenzi cha Kijapani *yaku* maana yake ni kuchoma, lakini hutumika pia kwa kuona wivu, na neno *yakimochi* hutaja wivu wa mapenzi na vilevile mochi iliyochomwa, yaani ule mkate wa mchele wa kunata uliotwangwa. Mochi ikipata moto huvimba kama mashavu ya mtu aliyenuna, kwa hiyo wachoraji wanaipenda mno. Mfasiri anaweza kuandika “ana wivu” ndani ya kiputo cha maneno, ila mchoro hawezi kuufuta, na hapo ndipo msomaji wa nje anapoachwa njiani. Ukikuta msichana ana paka kichwani bila sababu yoyote, ujue ni hali hiyo hiyo: “kuvaa paka” ni kujifanya mpole mbele za watu.

Supu ya miso, yaani ya rojo la soya iliyochachushwa, nayo ni posa ya mtindo wa zamani. Kwa desturi supu hiyo huliwa asubuhi pamoja na wali, hivyo anayeomba kupikiwa kila asubuhi anaomba waamke nyumba moja maisha yao yote. Siku hizi Wajapani wengi huiona kauli hiyo imepitwa na wakati, kwa kuwa inamfunga mke jikoni, na kwa maoni yangu wanaoiona hivyo hawajakosea.

BintiWaPwani: Naongeza kuhusu mwezi. Inasimuliwa kwamba Natsume Soseki, aliyefundisha Kiingereza kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri, aliwaambia wanafunzi wake kuwa Mjapani hatamki “nakupenda”. Atasema tu kwamba mwezi unapendeza. Kisa hicho hakijapatikana katika maandishi yake, na kilienea miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1916, lakini wasomaji wa Japani wanakifahamu, na kwa mwandishi wa manga hilo linatosha. Jibu la kukubali ambalo watu huliambatanisha nacho ni “hata nikifa ni sawa”. Hilo lina chanzo kinachojulikana: mwaka 1896 mwandishi wa Kijapani Futabatei Shimei, akifasiri hadithi ya Mrusi Turgenev, alilitumia mahali ambapo mwanamke wa Kirusi anasema kwamba yeye ni wa yule mwanamume. Neno *aishiteru*, ambalo kamusi hulitoa kwa “nakupenda”, ni zito mno, na vijana katika manga hutumia zaidi *suki*, ambalo mtu hulisema hata kwa chakula akipendacho. Kwa aliyekulia mahali ambapo jirani hujibiwa kwa maandishi ya kanga, mafumbo haya yasimtishe.

Hivyo basi, anayetajiwa mwezi akajibu kwa mawingu hazungumzii hali ya hewa.

MsomajiWaUsiku: Nawashukuru nyote. Kumbe kijana wa watu alikuwa amekataliwa, nami sura mbili nzima nilikuwa nasubiri mvua inyeshe.