Volkano imelipuka kilomita 4,000 mbali, kwa nini safari za ndege zifutwe?

Mdadisi wa Anga:

Wakuu, habari zenu. Hayli Gubbi ya kule Afar, Ethiopia, ilipolipuka Novemba 23, 2025, majivu yake yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman, na siku iliyofuata mashirika ya ndege ya India yakaanza kufuta safari. Kutoka Afar hadi Delhi ni kama kilomita 4,000. Yakifika huko majivu yameshatawanyika kiasi kwamba aliye chini akitazama juu haoni kitu.

Nina maswali matatu. Vumbi hafifu namna hiyo linaidhuru vipi injini ambayo inameza mvua kubwa na kuendelea na kazi? Kwa nini rubani asipite juu ya wingu au chini yake? Na ile rada ya hali ya hewa iliyoko puani mwa ndege ina kazi gani kama hailioni wingu la majivu? Naomba majibu ya wanaoijua kazi, si ya kubahatisha.

Fundi Tabaini:

Nichukue swali la injini.

Majivu ya volkano ni vumbi la glasi na mawe, chembe zenye kingo kali, nyingi zikiwa ndogo kuliko unene wa unywele. Maji yakiingia kwenye injini hugeuka mvuke na kutokea nyuma. Glasi haina tabia hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, na gesi inayotoka kwenye chumba cha mwako cha jeti ya kisasa ndege ikiwa safarini hupita nyuzi 1,400. Kwa hiyo chembe inaingia kavu, inayeyuka kwenye chumba cha mwako, halafu inajibamiza kwenye zile bawa za chuma zisizozunguka zilizo mbele ya tabaini (mapanga ya nyuma yanayozungushwa na gesi ya moto), ambazo kazi yake ni kuelekeza gesi kwenye mapanga. Bawa hizo hupozwa kwa hewa, hivyo glasi ikizigusa inaganda papo hapo. Tabaka linajengeka juu ya tabaka, njia ya gesi inabana, presha inarundikana nyuma yake mpaka hewa inarudi ilikotoka, kwenye kompresa (sehemu ya mbele inayoshindilia hewa). Hapo injini inapaliwa: mshindo, ndimi za moto nyuma, kisha inazimika.

Kabla hata ya kufika huko, ncha za mapanga ya kompresa zinakuwa zimelika kwa msuguano, nafasi kati ya panga na ganda la injini inaongezeka, na injini inakuwa rahisi zaidi kupaliwa. Mapanga ya tabaini nayo yana vitundu vidogo vya kupitishia hewa ya kuyapoza. Glasi ikiziba vitundu hivyo, injini inaweza kuendelea kufanya kazi bila dalili yoyote huku panga linaungua pole pole. Hasara hii huonekana baadaye sana, fundi anapoingiza boreskopu (kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya injini), na ndiyo inayowaumiza mashirika kwa wingu hafifu kama hilo unalolisema.

Najua kuna atakayeuliza habari ya chujio. Injini kubwa ndege inapopaa hufyonza zaidi ya tani moja ya hewa kila sekunde. Chujio la kukamata chembe hizo bila kuikaba injini halipo.

Jambo moja la heri: injini ikizimika au ikishushwa hadi silensa (nguvu ya chini kabisa), glasi inapoa, inakuwa dhaifu na kupasuka, vipande vinapeperushwa na hewa. Ndiyo maana injini zilizozimika kwenye majivu zimewahi kuwaka tena.

Kiti cha Kushoto:

Naongezea hapo hapo alipoishia Fundi. Juni 24, 1982, Boeing 747 ya British Airways iliingia kwenye majivu ya volkano ya Galunggung karibu na kisiwa cha Java ikiwa futi 37,000, usiku. Injini zote nne zilizimika. Ilielea mpaka chini ya futi 14,000, injini zikawaka, ikatua Jakarta na vioo vya mbele vimekwaruzwa kiasi kwamba marubani waliiona njia kwa taabu. Desemba 15, 1989, 747 ya KLM iliingia kwenye majivu ya Redoubt, Alaska. Hawa waliongeza nguvu ili wapande watoke juu ya wingu, na injini zote nne zikazimika ndani ya dakika moja hivi. Walitua Anchorage salama baada ya kuziwasha tena, lakini injini zote nne zilibidi kubadilishwa.

Mafunzo ya leo yametoka kwenye matukio hayo. Ukishajua umeingia, kwanza unazima mfumo unaojirekebishia nguvu ya injini, maana ukiuacha utaongeza moto pale kasi itakaposhuka. Unarudisha injini kwenye silensa kama mwinuko unaruhusu, ili joto la ndani lishuke chini ya kiwango cha kuyeyusha glasi. Kisha unageuza ndege nyuzi 180, kwa kuwa njia ya uhakika ya kutoka ni ile uliyoingilia. Mbele hujui wingu linaishia wapi. Vaa barakoa ya oksijeni kwa asilimia 100. Washa vizuia barafu vya injini na vya mabawa, na uweke mfumo wa hewa ya kabini kwenye mkondo wa juu: vyote hivi huchota hewa kwenye kompresa na kuipunguzia hatari ya kupaliwa. Washa viwashio vya injini na ile injini ndogo ya mkiani, ili umeme usikatike kubwa zikigoma. Mpangilio kamili unategemea kitabu cha aina ya ndege yako.

Baada ya hapo usiiamini sana saa ya kasi. Mirija ya pitoti, inayopokea hewa ya kupimia kasi, inaweza kuziba, na kasi inayoonyeshwa ikawa ya uongo. Rusha ndege kwa pembe ya pua na kiwango cha nguvu unachokijua.

Dalili usiku ni harufu ya kiberiti, ukungu wa vumbi ndani ya kabini, na cheche za buluu zikicheza kwenye vioo na midomo ya injini. Rada haisaidii. Mawimbi yake ni ya urefu wa sentimita 3 hivi, yamepangwa kwa matone ya mvua, na chembe kavu za mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hazirudishi mwangwi wa maana. Kitakachoonekana ni nguzo nzito karibu kabisa na mlima.

Kuhusu kupita juu: kabini ikipoteza presha lazima ushuke haraka hadi futi 10,000 hivi, na ukipoteza injini moja huwezi kubaki ulipo. Vyote viwili vinakupeleka ndani ya wingu. Kupita chini, mafuta yanaliwa mno, milima ipo, na majivu yanakuangukia.

Mpanga Safari:

Wanaoamua. Dunia imegawanywa katika vituo tisa vya ushauri wa majivu: London, Toulouse, Washington, Anchorage, Montreal, Tokyo, Darwin, Wellington na Buenos Aires. Toulouse ndiyo inayobeba Afrika, kwa hiyo taarifa za mwanzo za Hayli Gubbi zilitoka huko. Taarifa hutolewa kila saa sita wingu likiwepo. Inachora eneo la majivu kwa viwango vya mwinuko, lilipo sasa na litakapokuwa baada ya saa 6, 12 na 18. Rangi ya tahadhari (kijani, njano, chungwa, nyekundu) inaeleza hali ya volkano yenyewe. Nyekundu haimaanishi njia yako imefungwa, na watu wengi huchanganya hapo.

Udhaifu uko kwenye data. Setilaiti hutofautisha majivu na wingu la kawaida kwa kulinganisha mionzi ya joto ya mikroni 11 na 12, ila wingu la barafu likikaa juu yake majivu yanajificha. Modeli ya kompyuta inayotabiri wingu nayo inahitaji kujua mlima unatoa kiasi gani kwa sekunde, na hicho hukadiriwa kwa urefu wa nguzo. Makosa ya mwanzo yanasafiri na wingu, ndiyo maana mipaka huchorwa kwa upana.

Mezani kwangu kazi ni kuhamisha njia, kuongeza mafuta ya mzunguko, na kuhakikisha viwanja vya dharura njiani navyo viko nje ya wingu. Hiki cha mwisho ndicho kinachoua safari nyingi. Njia yenyewe inaweza kuwa safi kabisa, lakini huna pa kutua ukipata tatizo katikati.

Mdadisi wa Anga:

Nimewaelewa sana. Lakini mwaka 2010 Ulaya haikuzidisha? Karibu safari 100,000 zilifutwa kwa Eyjafjallajökull, volkano ya Iceland.

Mpanga Safari:

Kwa kanuni ya wakati ule hawakuwa na njia. Mlima ulianza kumwaga majivu Aprili 14, na mwongozo ulikuwa mmoja tu: pakiwa na majivu, usipite. Hakukuwa na kiwango kilichokubaliwa na watengenezaji wa injini. Ndani ya wiki moja wakafika kwenye miligramu 2 za majivu kwa mita ya ujazo, na Mei Uingereza ikaruhusu hadi 4 kwa masharti. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa la miaka ya kabla, kutowabana watengenezaji watoe namba. Na namba peke yake haitoshi: dakika kumi kwenye miligramu 2 si sawa na saa tatu.

Kaunta Namba 4:

Kwa abiria, kwa ufupi. Chini ya kanuni 261/2004 ya Umoja wa Ulaya, volkano ni hali isiyo ya kawaida, hivyo ile fidia ya euro 250 hadi 600 hulipwi. Chakula, hoteli na chaguo la kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine vinabaki haki yako, na Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilisema mwaka 2013 kwamba huduma hiyo haina ukomo wa siku wala wa fedha, mradi gharama ziwe za lazima na za kiasi. Tunza risiti. Usifute tiketi mwenyewe kabla shirika halijafuta. Ukiunganisha safari kwa tiketi mbili tofauti, shirika la pili halihusiki na kuchelewa kwa la kwanza. Bima iliyonunuliwa baada ya mlipuko kutangazwa kwa kawaida hailipi.

Fundi Tabaini:

La ardhini limesahaulika. Ndege ikikutwa na majivu imeegeshwa, ziba midomo ya injini na pitoti mapema. Usiwashe waipa wala usifute kioo kwa kitambaa kikavu, utakikwaruza. Puliza vumbi kwanza, kisha osha kwa maji mengi, maana majivu yenye unyevu hubeba asidi na hupitisha umeme. Njia ya kurukia ni kinyume: ilowanishe kidogo tu ndipo ifagiliwe. Ukimwaga maji mengi unapata tope linaloteleza, breki hazikamati, na mitaro inaziba.