Nyota haikui hata nikiongeza ukuzaji, tatizo ni lenzi?

Mleta mada:
Wakuu, darubini ni ya kioo, kipenyo mm 114, urefu wa fokasi (kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) mm 900. Ina lenzi za jicho mm 25, 10 na 4. Kwa mm 25 nyota ni nukta safi. Nikiweka mm 4 inageuka doa linalochezacheza, wala haiwi duara kama sayari. Lenzi mbovu? Na kama nyota ni nukta tu, wanajuaje imeundwa na nini?

Kipenyo:
Duara hutalipata mkuu, nyota ziko mbali mno. Kwenye nyota darubini ina kazi ya kuvuna mwanga, kukuza ni ziada. Mboni gizani hufunguka kama mm 7. Chukua 114 gawa kwa 7, zidisha jibu kwa lenyewe: mwanga mara 265 hivi, ukitoa kidogo kinachozibwa na kioo kidogo cha mbele.

Ukuzaji ni 900 gawa kwa lenzi, kwa hiyo unao 36, 90 na 225. Kikomo cha kawaida ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 228. Hiyo mm 4 iko ukingoni kabisa, na usiku mwingi hewa haikuruhusu kufika huko. Baki na mm 10.

FundiVioo:
Usiitupe lenzi bado. Toa darubini nje nusu saa kabla, kioo kipoe. Chagua nyota iliyo juu: ikiwa nyuzi 30 tu kutoka upeo wa macho, mwanga wake unapita hewa karibu mara mbili ya ile ya utosini.

Weka nyota katikati kabisa, kisha haribu fokasi kidogo. Utaona pete na kivuli cheusi ndani yake. Pete zikitokota kama maji jikoni, hewa hiyo, subiri. Zikitulia lakini kivuli kimeegemea upande, vioo havijanyooka.

Mleta mada:
Zimetulia, kivuli kimeegemea kushoto.

FundiVioo:
Basi lenzi haina kosa. Nyuma ya kioo kikubwa kuna skrubu tatu za kurekebishia (zikiwepo za kufungia, zilegeze kwanza). Zungusha moja robo tu, rudisha nyota katikati, angalia tena. Wengi hukosea hapo: wanapima nyota ikiwa pembeni, ambako hata kioo kilichonyooka huonyesha pete zilizopinda.

Utepe:
Swali la pili. Mwanga ukitawanywa kuwa utepe wa rangi, unakuwa na mistari myeusi, na kila elementi ina mahali pake. Haidrojeni hukata nyekundu kwenye nanomita 656.3. Heliamu ilionekana kwanza kwenye mwanga wa Jua mwaka 1868, ila kwa mstari wa njano unaong'aa, duniani ikapatikana 1895.

Kuna vioo vya kutawanya mwanga hivyo, vyenye mistari 100 iliyochorwa kwa kila milimita, vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho kama kichujio. Utepe hutoka mwembamba kama uzi, mistari myeusi haionekani. Ukipiga picha, zima mota inayofanya darubini ifuate nyota, na uache nyota iteleze kukatiza utepe, utapanuka. Anza na nyota angavu kama Vega au Sirius. Jua usiliguse kwa kifaa hicho.