Bunduki gani ichongwe kwenye kaburi la babu aliyekuwa Keya?

Mjukuu wa Vihiga
Wadau, salaam. Familia inajengea kaburi la babu huko Vihiga, na jiwe linachongwa hapa Nakuru ninakofanya kazi. Babu alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na wazee wameomba chini ya jina lake ichorwe bunduki aliyoibeba. Fundi amenionyesha mchoro: ni AK, ile ya magazini iliyopinda. Nimemwambia asubiri.

Tuna picha moja tu. Babu amesimama na kofia pana, ukingo umekunjwa upande mmoja, bunduki kando ya mguu. Mbao zake zimepanda mpaka mdomoni, hakuna mtutu uliochomoza. Kiunoni kuna singe ndefu kama panga. Shangazi anasema babu alipigana na Wajerumani Tanganyika, baba anasema ni Burma (Myanmar ya leo). Ni bunduki gani hiyo, na nimsikilize nani? Jiwe likishachongwa halifutiki.

Mstaafu wa Lanet
Umefanya vyema kumzuia. AK ni ya mwaka 1947, na Vita vya Pili vya Dunia viliisha 1945.

Kwa maelezo yako hiyo ni Lee-Enfield fupi, Mark III, bunduki ya jeshi la Waingereza iliyoanza kutumika 1907. Mbao kufika mdomoni ndiyo alama yake kubwa. Lee-Enfield Namba 4 iliyoifuata huachia kipande cha mtutu kionekane mbele, na singe yake ya kwanza ilikuwa kama msumari, sentimita 20 hivi. Singe ya babu ina bapa la sentimita 43, ndiyo maana umeiona kama panga. Bunduki hiyo ilikula risasi 10 za kipenyo cha inchi .303, zikishindiliwa kwa vibanio viwili vya tano tano. Uzito karibu kilo 4. Hebu fikiria kuipandisha mlima kwenye matope.

Kijana wa Kapsabet
Burma si walipewa ile fupi nyepesi ya msituni?

Mstaafu wa Lanet
Unasema Namba 5. Ilianza kutengenezwa 1944, vita vikielekea ukingoni. Mdomoni ina kitu kama faneli cha kuficha mwako, na kitakoni ina mpira. Kwenye picha hii faneli haipo.

Msomaji wa Kisumu
Ndugu, bunduki peke yake haiwezi kuamua kati ya baba na shangazi, kwa kuwa Mark III ilitumika vita vyote viwili vya dunia: vya kwanza, Wajerumani walipopiganwa Tanganyika, na vya pili, vilivyofika Burma. Juni 1915 jeshi la Waingereza lilipanda meli hapa Kisumu kwenda kuvamia Bukoba, na bunduki za aina hiyo zilikuwepo. Miaka thelathini baadaye bado zilikuwa mikononi mwa askari.

Kofia ndiyo inayoelekeza Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyokuwa na askari wa Keya, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katikati ya mvua, ikafika Kalewa Desemba. Tazama begani kama kuna beji yake ya kichwa cha kifaru. Pia ulizeni nyumbani kuhusu nishani.

Mjukuu wa Vihiga
Bega limefifia. Lakini mama ametoa kwenye sanduku nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wa buluu na nyekundu katikati, na mistari miwili ya rangi ya chungwa. Katikati imeandikwa Burma.

Msomaji wa Kisumu
Basi hiyo ni Burma Star. Baba yuko sawa. Ila shangazi usimwambie amekosea. Muulize taratibu kama habari za Tanganyika si za baba yake babu. Katika vita vya kwanza wanaume wengi wa magharibi walichukuliwa Kariokor (Carrier Corps) kubeba mizigo ya jeshi, na maelfu hawakurudi. Hao hawakupewa bunduki wala kaburi. Kama ni yeye, naomba jina lake liandikwe kwenye jiwe hilohilo.

Nyanya Bungoma
Mimi nauliza, babu mwenyewe aliwahi kusema anataka bunduki? Wazee wengi waliorudi hawakupenda hata kuitaja. Kichwa cha kifaru kingemheshimu pia.

Mjukuu wa Vihiga
Shikamoo nyanya. Hakuwahi kusema. Nitaliweka mbele ya wazee Jumapili, na shangazi nitampigia leo jioni. Wakishikilia bunduki, fundi nimwambie nini?

Mstaafu wa Lanet
Mpe picha ya Mark III iliyopigwa kwa upande, asichore kwa kichwa. Magazini ni fupi, iko mbele tu ya kifyatulio na haipindi. Mkono wa komeo uko kulia, umeinama chini, kwa hiyo mdomo wa bunduki uelekee kulia ndipo mkono huo uonekane. Singe aichore imefungwa alani, kando, isiwe mdomoni. Na kabla hajawasha mashine, tuma mchoro hapa tuukague.