Skuli inataka madarasa yote yasome kwa vitendo. Wa kidato cha pili nimtoe au nimwache?

Mama Watatu (Chake Chake)
Assalamu alaykum wana jamvi. Nina watoto watatu katika skuli moja ya binafsi huku Pemba: mdogo yuko maandalizi, wa kati darasa la tano, mkubwa kidato cha pili. Muhula huu tuliitwa kikao tukaambiwa kila darasa, maandalizi hadi kidato cha nne, litakuwa na alasiri mbili kwa wiki za kusoma kwa vitendo. Na ada imepanda, wanaiita "ya vifaa".

Kwa wadogo sina neno. Darasa la tano walipewa kilo 3 za karafuu mbichi zilizokwisha chambuliwa, wakazianika kwenye jamvi uwanjani, kila adhuhuri wanapima na kuandika. Mwisho ikabaki kilo moja na kidogo. Mwanangu akaja akamuuliza babu yake: "Babu, yule anayekununulia mbichi, anakupunja au hakupunji?" Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha wakakaa wawili barazani wakapiga hesabu hadi magharibi. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akilia akisikia asilimia!

Shida ni mkubwa. Mwaka huu ana mtihani wa kidato cha pili, na wao vitendo vyao ni kupaka rangi vyungu vya maua na kumwagilia bustani. Wiki ya tatu sasa. Nimefunua daftari lake la bayolojia, toka bustani ianze hakuna hata mstari. Baba yao anasema nimhamishe. Jee, nifanyeje?

Jembe la Zamani
Dada, hayo si mapya. Mie nimesoma Tanga, enzi hizo ni Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967. Sera nzuri kwenye karatasi. Kwetu ilikuwa kulima mihogo ya mwalimu mkuu. Mpini naujua, mche wa muhogo naujua, mtihani nikafeli. Mtoe.

Ticha wa Maabara
Yakhe, usichanganye shamba la mwalimu na somo la vitendo. Nasomesha kemia na bayolojia Unguja. Kidato cha nne masomo ya sayansi yana karatasi ya vitendo, na nimewahi kumsimamia mtoto aliyeshika bureti (lile bomba la kioo lenye koki, la kudondoshea asidi) mara ya kwanza siku hiyo hiyo ya mtihani. Mkono unatetemeka, maji kwenye chupa yameshatoka njano, yamepita rangi ya chungwa, pale alipotakiwa kufunga, yamekuwa mekundu, na yeye koki bado kaifungua! Huyo hakuwa mjinga. Fomula alikuwa nayo kichwani, mkono ndio haukuwahi kufanya.

Kwa hiyo Bi Mama Watatu, wa kidato cha pili ndiye anayevihitaji zaidi, ila si vyungu vya rangi. Bustani hiyo hiyo ina somo la usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wachukue mmea mmoja, jani moja walifunike kwa karatasi nyeusi siku mbili, la pili waliache juani. Wayachemshe, wayatie kwenye spiriti ya moto (chombo kikae ndani ya maji ya moto, spiriti isikaribie moto kabisa) mpaka ukijani utoke, kisha matone ya iodini. La juani linageuka buluu inayokaribia weusi, ndiyo dalili ya wanga, lililofunikwa linabaki rangi ya iodini. Nenda kamuulize mwalimu: baada ya kumwagilia, mtoto anaandika nini? Akikosa jibu, hapo pana bustani, hapana somo.

Bint Mwani (Paje)
Naunga mkono. Wa kwangu kidato cha kwanza walipelekwa pwani, wakafunga mwani kwa taitai (vile vikamba vyembamba), wakapima joto la maji. Kumbe ndiyo maana kotonii inatufia huku: maji yakizidi moto aina hiyo ya mwani haivumilii, aina ya spinosamu ndiyo inastahamili. Mie nimelima miaka, nikidhani ni hasadi 😂

Ila safari ya mwanzo mwalimu aliipanga kwa kalenda ya ukutani, hakuuliza bamvua lini, maji yanapokupwa mbali. Watoto wakafika maji yamejaa tele, wakakaa chini ya minazi wakala mihogo wakarudi. Angemuuliza mama mmoja tu wa kijiji.

Kakobe
Mie swali langu moja. Karafuu zipo mashambani, jua la Mungu, jamvi la skuli. Ada ya vifaa ni ya kifaa gani? Omba orodha na risiti.

Mama Watatu (Chake Chake)
Ahsanteni nyote. Jana nimekwenda. Mwalimu wa bayolojia kaniambia yeye hakushirikishwa, zile alasiri kapewa mtu mwengine na hata hakujua wanafanya nini. Nikamsomea maneno ya Ticha kwenye simu, akacheka, akasema "hili mbona liko kwenye mada yangu ya mwezi ujao". Leo mwanangu karudi anasema wamefunika majani manne kwa karatasi nyeusi na wameambiwa wachore jedwali kabla hawajayafunua.

Sijamtoa. Baba yake nimemuomba asubiri hadi likizo, kanuna lakini kakubali.

Kakobe, orodha ya vifaa nimeomba. Nimeambiwa mhasibu yuko Unguja.