Naomba ushauri: kurenda katuni ya dakika 7 kwa kompyuta moja
Habari zenu wakuu. Nasimamia utayarishaji wa katuni fupi ya 3D ya dakika 7, tunarenda (yaani kompyuta inakokotoa picha za mwisho) kwa Cycles, injini ya kurenda ya programu ya Blender. Kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 10,080. Moja inakula dakika 4, yaani siku 28 mfululizo, na umeme wetu mnaujua. Ndiyo maana tunatoa picha za PNG moja moja, si video, ukikatika tunaendelea palepale.

Nimeshusha sampuli (idadi ya miale ya mwanga inayopimwa kwa kila pikseli) kutoka 512 hadi 128 na kuwasha kiondoa chenga, yaani vidoti vinavyobaki kwenye picha. Shoti za mchana ziko safi, za usiku kuta zinacheza-cheza.

Je, za usiku nizihamishie Eevee, injini nyingine ya Blender yenye kasi zaidi, au nikodi mashine za mtandaoni kwa hizo tu? Na waanimeta niwalipe kwa sekunde iliyoidhinishwa au kwa wiki, maana mwongozaji bado anabadilisha shoti baada ya animatiki (video ya michoro ya awali inayopanga shoti) kupitishwa?