Mjadala: Podikasti yetu ya uchaguzi, wagombea tuwaite au tuwafungie nje?

Nahodha wa Kibokoni (mwenye mada)
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mlio hapa siku zote mwajua kwamba tuko watu saba twapanga podikasti ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, hapa Mombasa. Ya kujitolea: hakuna mshahara, hakuna mfadhili. Jaribio la dakika 22 nililituma hapa Ijumaa na wengi mmelisikia. Sasa tumekwama, watatu kwa wanne: wagombea tuwaite waje kuzungumza, au wasikanyage kabisa? Wenzangu wasema bila wagombea hakuna atakayesikiliza. Mimi nasema mgombea mara ya kwanza atakuja na sauti yake, mara ya pili atakuja na maji ya chupa, mara ya tatu na bahasha. Semeni.

Shangazi wa Mtongwe
Waiteni wote au msimwite hata mmoja. Kaunti hii ina wadi 30, na kila wadi hawakosi watu kumi wenye mabango. Mkiwaita wote mtarekodi mpaka uchaguzi wa 2032.

Kahawa Tungu
Swali zuri, lakini silo la kwanza. La kwanza ni sauti. Lile jaribio nimelisikiliza barazani na wenzangu watatu, mwanzo hadi mwisho. Maneno mazuri, sikatai, ila yule binti msomaji ni kama tangazo la feri. "Wapiga kura wanahimizwa." Nani Mombasa husema wanahimizwa? Tafuteni mtu wa hapa, asemaye Kiswahili cha hapa.

Binti Mikindani
Yule binti ni mimi. Shikamoo mzee wangu, kisha nikuulize: mtu wa hapa ni nani? Nimezaliwa Mikindani, nimesoma Changamwe, napigia kura Jomvu. 2022 nilipanga foleni mara mbili, Agosti 9 na tena ile ya gavana iliyoahirishwa. Jaribio nililirekodi chumbani saa sita usiku. Pangaboi nilizima kwa sababu mlio wake unaingia, nikajifunika blanketi gubigubi na simu mdomoni, jasho likatiririkia karatasi mpaka namba za fomu zikavuja wino nikawa nasoma kwa kukisia. Hakuna aliyenipa hata ya maji. Leo ni tangazo la feri.

Fundi Spika
Pole dada, kazi yako safi. Blanketi si baya, ila simamisha godoro nyuma yako ndio utaona tofauti. Dakika ya 14 kuna tuktuk yapiga honi, hiyo nitaikata. Adhana ya mwishoni iacheni, imekaa vizuri.

Kahawa Tungu
Marahaba mwanangu. Sikukutukana. Nazungumza lugha. Huu ni mji wa Muyaka, yule mshairi wetu, si mji wa kusomewa kama taarifa ya habari. Mtu wa hapa ni yule asemaye "ndoo", si "njoo". Asemaye "yuwaja", si "anakuja".

Mvuvi Mstaafu
Naunga mkono. Na tuseme ukweli, Mikindani ni njia ya kwenda Nairobi.

Binti Mikindani
Astaghfirullah. Majimbo ya Mombasa ni sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Lililo kisiwani ni moja tu, Mvita. Sasa tukiondoa walio "njia ya kwenda Nairobi", na wa Likoni tukawaambia ni njia ya kwenda Lunga Lunga, na wa Kisauni njia ya kwenda Malindi, hiyo podikasti itasikilizwa na baraza lenu na paka wa Marikiti.

Shangazi wa Mtongwe
Naona na sisi wa Likoni tumeingizwa. Haya, nimevuta mkeka.

Baba Bamburi
Mimi niseme ya "ndoo". Mke wangu ni wa huko huko Kibokoni. Wiki ya kwanza ya ndoa aliniita kutoka jikoni, "Baba ndoo hapa!" Nikaenda, mkononi nimebeba ndoo ya maji, tena imejaa. Mpaka leo akikumbuka ateka mpaka akaketi chini.

Mwana wa Tononoka
Ateka! Ndugu, hebu lipelekeni hilo hewani: "Vijana wa Majengo wateka sana." Baraza la Kibokoni litaelewa vijana wanacheka. Msikilizaji aliye mbali ataelewa vijana wanabeba watu kwa magari yasiyo na namba. Baada ya watu kutekwa nyara 2024, neno hilo latisha.

Mwalimu wa Tudor
Kwa kuwa mmefika huko, ngojeni niwaongezee chumvi. Kikao kilichoamua Kiunguja kiwe ndio msingi wa Kiswahili sanifu kilikaliwa wapi? Zanzibar? Hapana. Hapa hapa Mombasa, mwaka 1928. Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, kilishindwa kikiwa nyumbani kwao.

Kahawa Tungu
Hatukuwa na wakala kituoni.

Mwana wa Tononoka
Twende Mahakama ya Juu! Kama ya rais ya 2017 ilifutwa Septemba 1, hii ya 1928 itashindikanaje? Twataka masanduku yafunguliwe.

Binti Mikindani
Mzee, hapo umenishinda. Nimeteka. (Kwa maana yenu.)

Nahodha wa Kibokoni
Jamani. Wagombea. Tuwaite au tusiwaite?

Baba Bamburi
Waiteni. Watu hawataki kusikia mambo ya fomu, wataka kumsikia mtu akibanwa. Kama ile ya gavana ilivyosogezwa wiki moja, nani alibanwa? Hakuna.

Karani wa 22
Si wiki moja. Nilikuwa karani wa kura, naikumbuka kama jana. Tangazo lilitoka Agosti 8, usiku mmoja tu kabla ya kura: karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikuwa na picha na majina yasiyo sahihi. Zilikuwa zimechapishwa Ugiriki, kwa hiyo si kitu cha kwenda Biashara Street kutoa nakala. Kwanza tukaambiwa Agosti 23, kisha ikasogezwa tena, tukapiga 29.

Siku ile ya 29 kituo changu kilikuwa darasa la chekechea, viti vile vidogo magoti yakugusa kidevu. Tarehe 9 foleni ilikuwa imezunguka choo cha shule ikatoka getini. Tarehe 29, saa nane mchana, mwenzangu wa wino alikuwa amelaza kichwa juu ya meza na kichupa mkononi. Akaingia mama mmoja, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza, "Mumeshafunga?" Matokeo ya kaunti nzima mwayajua: Abdulswamad Nassir 119,083, Hassan Omar 98,108. Waliosajiliwa walikuwa 641,913. Piga hesabu wewe mwenyewe uone ni watu wangapi walibaki nyumbani. Podikasti ingekuwa yangu, singemwita mgombea hata mmoja. Ningemtafuta mtu aliyekuja tarehe 9 asirudi 29, nimuulize alikuwa wapi.

Baba Bamburi
Tulikuwa kazini! 29 ilikuwa Jumatatu. Wewe ulikuwa walipwa kukaa kwenye kiti cha chekechea, sisi tulikuwa twatafuta. Halafu leo watufundisha habari ya kujitolea.

Karani wa 22
Nililipwa, ndio. Nikalala chini ya meza siku mbili nikilinda masanduku. Unataka risiti?

Mvuvi Mstaafu
Hapo ndipo penye shida ya hizi kazi. Wenye kulipwa hawakosi la kusema.

Karani wa 22
Mzee wangu, wewe nimekuheshimu tangu jana. Na nimalize, nilichokuja kusema nimezuiwa na ndoo. Dada wa Mikindani, si kwa ubaya: dakika ya 9 umesema matokeo ya gavana yajazwa Fomu 34A. Sivyo. 34 ni za rais. Gavana ni 37. Seneta 38. Na 34A hubandikwa mlangoni mwa kituo baada ya kuhesabu, na 2022 ndizo zilizowekwa mtandaoni kila mtu azifungue. Tukikosea hapo, mtu ataenda mlangoni kutafuta gavana kwenye karatasi ya rais, asimwone, aanze kupiga kelele kaibiwa.

Binti Mikindani
Wallahi ni ile jasho. Niliona "3" na kitu kama mkia. Nitarudia. Asante kakangu, wewe peke yako ndiye uliyesikiliza maneno.

Mwalimu wa Tudor
Watu hamsini wamesikia, wazee wanne wamekaa nayo barazani, kosa kubwa kama hilo limepita, lakini "wanahimizwa" imekamatwa papo hapo.

Kahawa Tungu
Mwalimu, mshale huo nimeuona ukija. Mimi fomu sizijui, natia kura yangu narudi. Lakini sikilizeni, nimefikiri usiku. Binti asome mambo ya fomu na sheria kwa hicho Kiswahili chake cha shule, ili aliyeko Voi na Garissa aelewe. Kisha dakika tano za mwisho niachieni mimi na baraza langu, tuseme tuonavyo, kwa Kimvita chetu, mwenye kuelewa aelewe.

Shangazi wa Mtongwe
Kumbe mzee alikuwa ataka kipindi.

Mwana wa Tononoka
Mgombea wa kwanza amepatikana!

Kahawa Tungu
Ntakuja na kahawa yangu. Bahasha sina.

Shangazi wa Mtongwe
Na mimi niulize la maana. Mwasema kujitolea. Feri kwa mwenye miguu ni bure, hiyo nashukuru. Lakini nikishuka upande wa kisiwani kuna matatu ya kunifikisha Tudor, na kurudi usiku kuna bodaboda, maana saa hizo sitembei peke yangu. Mara moja kwa wiki mpaka Agosti ya mwakani ni pesa. Nani atoa? Mwanitaka niwe mhariri, mimi nishakubali, lakini huruma hainunui mafuta.

Nahodha wa Kibokoni
Tulisema kila mtu achangie kidogo kwenye kikapu, bi mkubwa. Wanne wametoa. Watatu bado, siwataji.

Baba Bamburi
Mimi nitatoa mwisho wa mwezi, usinifanye kama sionekani.

Fundi Spika
Msiogope gharama. Kubwa kuliko zote ilikuwa maiki na hiyo tayari tunayo. Nzuri, ina mguu wake na kile kisponji cha mbele. Kwenye rekodi ya Jumamosi tutaitumia, dada hataingia tena kwenye blanketi.

Nahodha wa Kibokoni
Maiki gani? Kikapu hakijafika hata nusu.

Fundi Spika
Tumeazimwa. Yule bwana wa wadi yetu, mtu mzuri tu, alisikia tunafanya jambo la vijana. Hakutaka kitu.

Karani wa 22
Bwana yupi?

Fundi Spika
Yule mwenye mabango ya kijani pale kwenye mzunguko.

Shangazi wa Mtongwe
Ehe.

Nahodha wa Kibokoni
Fundi. Nimeandika nini pale juu? Maji ya chupa, kisha bahasha. Hata maji hajaleta, kaanza na maiki! Irudishe leo hii, kabla ya magharibi, na umwambie asante.

Fundi Spika
Ningeirudisha, bosi, ila iko kwa fundi mwenzangu Mwembe Tayari. Waya ulikatika nikiijaribu.

Mvuvi Mstaafu
Sasa mna deni kwa mgombea.

Binti Mikindani
Blanketi langu lipo, limefuliwa. Waya ni shilingi ngapi?