Tupeane uzoefu: ulichagua kimoja ukaacha kingine. Ulichokiacha kilikugharimu nini?

Binti wa Mlandizi
Wakuu, salaam. Jana nilikuwa Mlandizi kwenye msiba, nikaona nyumba ya dada mmoja niliyefanya naye kazi. Mwaka 2015 tulikopa pamoja, milioni nane nane. Yeye akanunua viwanja viwili, mimi nikanunua gari. Miaka yote hii, mtu akiniuliza gari lilinigharimu nini, nilikuwa nataja hiyo milioni nane, mafuta, bima na matairi. Jana nimekaa chini ya turubai, naangalia ile nyumba na vyumba vya wapangaji kwa nyuma, ndipo nikajua kuna bei nyingine sikuwahi kuihesabu: vile viwanja nilivyoviacha. Shuleni tuliiita gharama mbadala, nikaijibia mtihani na kuisahau. Nisimulieni na ninyi.

Mzee wa Kimara
Usijilaumu, mwanangu. Mimi nilinunua kiwanja, kumbe kimeuzwa kwa watu watatu. Miaka minne baraza la ardhi. Ningenunua gari ningepakia hata abiria.

Mama Kareem
Afadhali gari linatembea. Mimi milioni 20 zangu zimesimama kuta tupu Chanika tangu 2022, nyasi zimeota sebuleni, na kodi nalipa Tabata kila mwezi. Mwaka uleule hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ilikuwa na riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Pigeni hesabu: milioni mbili na nusu kwa mwaka, inaingia kila miezi sita. Nilijua, kuna mtu wa benki alinieleza vizuri kabisa. Nikaogopa ndugu watasema sijengi.

Fundi Salu
Kujenga ni kujenga, mama. Karatasi huwezi kulala ndani yake.

Mama Kareem
Hata hizo kuta silali ndani yake, fundi.

Ticha wa Uchumi
Hapa watu wanachanganya. Gharama mbadala si jumla ya vyote ulivyoviacha. Ni kile kimoja, kilicho bora kuliko vingine ambavyo ungeweza kuvichukua. Mama Kareem asihesabu riba, na duka, na shamba la matikiti kwa pesa ileile. Milioni 20 ingekwenda sehemu moja tu.

Fundi Salu
Haya, darasa limeanza.

Aliyetoka Shimoni
Mimi huwa nasoma tu, leo naandika. Mnaongelea pesa mlizotoa. Mimi sikutoa hata shilingi.

Mwaka 2014 nilipata nafasi chuo cha ualimu. Rafiki yangu akasema twende Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, miezi sita tu, turudi na mtaji. Wanaoijua Mirerani wanajua maisha ya mwanaapolo, yule mchimbaji anayeshuka shimoni: hakuna mshahara. Mwenye shimo anakulisha, jiwe likitoka mnagawana, lisipotoka mnaendelea kula ugali wake. Ndiyo maana hauoni hasara. Hakuna siku unayotoa pesa mfukoni ukasema imeniuma. Tulikuwa tunashuka jioni, tunatoka asubuhi weusi kama mkaa.

Kila nilipotaka kuondoka, mtu anapata. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer akapata yale mawe mawili makubwa ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.74. Usiku ule hakuna aliyelala kambini. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi. Nikalifungua. Nikakaa miaka miwili mingine.

Mwaka 2022 nikarudi Kondoa na laki moja na nusu. Mwanangu alizaliwa 2015, nilikuwa nimemwona mara mbili. Akatoka ndani, akaniangalia, akasema, "Shikamoo mjomba, mama yuko kisimani." Nikaitikia marahaba. Sikuweza kumsahihisha. Nilikaa kwenye gogo mpaka mama yake akarudi.

Yule niliyepangiwa naye chuo ndiye mwalimu wake wa darasa.

Neema K
Nimelia niko ofisini.

Binti wa Mlandizi
Kaka, pole sana. Gari langu naliondoa kwenye huu mjadala.

Kijana wa Arusha
Pole mkuu, lakini msiwatishe watu. Mjomba wangu kajenga kwa tanzanite. Wapo waliotoka.

Mzee wa Kimara
Wapo. Na kwa kila mmoja, waliobaki chini ni wangapi? Hao hawasimuliwi.

Ticha wa Uchumi
Aliyetoka Shimoni, sikiliza. Hiyo miaka minane imeshakwenda, isiingie tena kwenye hesabu. Ukiamua leo, pima yaliyo mbele yako tu.

Neema K
Ticha, mtu anazungumzia mtoto wake, wewe unamfundisha.

Ticha wa Uchumi
Dada, nasema hivyo kwa sababu miaka iliyopita ndiyo iliyomfungulisha begi 2020. "Nimeshakaa sita, niache sasa?" Nimeiona kwa watu wengi, kwenye ndoa pia.

Aliyetoka Shimoni
Ticha hajakosea. Ndivyo nilivyojiambia, maneno yaleyale.

Mama Kareem
Rudi chuo, baba. Umri bado.

Fundi Salu
Asirudi chuo, ajira za ualimu zenyewe mnaziona. Aende VETA, achomelee. Au aje Chanika tummalizie mama nyumba.

Kijana wa Arusha
Afuge kuku.

Mzee wa Kimara
Kuku wa kisasa? Usimpeleke shimo jingine.

Neema K
Na mtoto sasa anakuitaje?

Aliyetoka Shimoni
Baba. Ilichukua kama mwaka. Jumamosi hii nimeitwa kwenye zege, elfu ishirini, na kazi zenyewe huku si nyingi. Lakini siku hiyohiyo kuna kikao cha wazazi shuleni kwake. Zege siendi.

Mama Kareem
Wahi. Hivyo vikao viti huwa vinaisha.